Magari ya Vita katika Njia za Amani

Singe ni kata mojawapo ya Mji wa Babati, na Babati ni njia panda. Hapa hukutana barabara zitokazo Arusha, Dodoma na Singida. Kwa sababu hiyo, historia ya watu wa sehemu hizi haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kuitazama njia, na vyombo vilivyopita juu yake. Vingi vya vyombo hivyo vilibuniwa kwa ajili ya vita. Sura hii inaeleza jinsi vilivyofika, kazi viliyofanya, na mahali viliposhindwa.

Vita ya Kwanza na tope la masika

Mwanzoni mwa mwezi Aprili 1916, jeshi la Jenerali van Deventer, chini ya uongozi mkuu wa Jenerali Smuts, liliondoka Arusha kuelekea kusini. Liliuteka mlima Lolkisale, likapita Ufiome, na mnamo tarehe 19 Aprili likaingia Kondoa Irangi. Njia yake ilikatiza nchi hii hii ambayo leo ni Wilaya ya Babati.

Askari walienda kwa farasi, na nyuma yao yalifuata magari ya kubebea chakula na risasi. Masika yalikuwa yameanza. Magari mengi ya siku zile yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, nayo yalizama katika udongo mweusi wa mbuga. Farasi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa na uchovu. Jeshi lililokuwa limeshinda likajikuta Kondoa bila chakula cha kutosha, njia ya nyuma yake ikiwa imekatwa na maji. Mzigo ukarudi mahali ulikozoea kukaa, yaani kichwani mwa mpagazi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walipoteza maisha, wengi wao kwa njaa na maradhi, wala majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Gari lenye nguvu miguu yote minne

Jibu la tope lilipatikana kwa wingi katika Vita ya Pili. Mwaka 1940 Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, linaloweza kwenda pasipo na barabara. Ndipo ilipozaliwa Jeep. Hadi mwaka 1945 yalikuwa yameundwa magari zaidi ya 600,000 ya aina hiyo.

Siri yake ni rahisi kueleza. Nguvu ya injini haiishii kwenye magurudumu ya nyuma, bali hugawanywa na kupelekwa mbele pia. Magurudumu ya mbele yakiteleza, ya nyuma husukuma. Ya nyuma yakikwama, ya mbele huvuta. Aidha, gari huwa na gia ya pili ya nguvu, ambayo hupunguza mwendo na kuongeza uwezo wa kupanda mlima au kuvuka korongo.

Vita ilipokwisha, Mwingereza Maurice Wilks alikuwa akitumia Jeep moja ya jeshi katika shamba lake huko Anglesey, Wales. Aliipenda, akaamua kuunda gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Gari lake la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep, na mwezi Aprili 1948 Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, jambo lililoiepusha na kutu. Haikupita muda mrefu, jeshi la Uingereza nalo likaanza kuinunua. Hivyo gari lililotoka vitani kwenda shambani likarudi tena jeshini. Huko Japani, Toyota nayo ilianza mwaka 1951 na gari lililofuata mfano wa Jeep; tangu mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser, jina ambalo leo halina mgeni Babati.

Vifaru vilivyokuwa matrekta

Nabii Isaya alitabiri siku ambayo silaha zitageuzwa kuwa zana za kulimia. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, jambo hilo lilifanyika kwa jinsi ya mwili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, na miongoni mwa mitambo iliyoletwa kufyeka pori ilikuwa mashine zilizotokana na vifaru vya vita vya aina ya Sherman.

Mpango ule haukufaulu. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, na mashine ziliharibika upesi kuliko zilivyotengenezwa. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Wagogo wa Kongwa walikuwa wakiijua ardhi ile na ukame wake, lakini maarifa yao hayakupewa nafasi. Haitoshi basi kugeuza silaha kuwa jembe. Mwenye jembe hana budi kuijua nchi na kuwasikiliza wenyeji wake.

Gari la mgonjwa

Palipokuwa na usikivu huo, matokeo yalikuwa mengine. Mwaka 1955 Misheni ya Kilutheri ya Norway ilifungua hospitali Haydom, katika nchi ya Mbulu, mbali na mji wowote. Hospitali mahali kama pale haikuweza kungoja wagonjwa wafike kwa miguu. Kwa hiyo huduma za mama na mtoto zilipelekwa vijijini, kwa magari ya magurudumu manne na kwa ndege ndogo. Gari lile lile lililoundwa kwa ajili ya upelelezi wa adui likabeba chanjo, mizani ya kupimia watoto, na mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Hata hivyo gari halikuwahi kutosha peke yake. Tope lilipofika kwenye ekseli, nguvu ya magurudumu manne ilikoma. Ndipo walipohitajika watu wenye majembe, matawi ya kuwekea chini ya matairi, na mabega ya kusukuma.

Mwendo wa kugeuka huku ulirudi nyuma mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Serikali ilichukua malori na mabasi ya raia yabebe askari na mizigo yao. Safari hii ilikuwa zamu ya magari ya amani kwenda vitani, na kwa wananchi walioyategemea ilikuwa sadaka isiyo ndogo.

Baada ya lami

Mwaka 2002 Babati ulifanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara, na mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251, ilizinduliwa. Safari iliyolitesa jeshi zima mwaka 1916 sasa hufanywa na basi la abiria kwa saa chache.

Lakini maji hayajasahau njia yake. Ziwa Babati lilifurika mwaka 1990 na kuuharibu mji. Tena, alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki, na barabara zikazibwa. Askari wa Jeshi la Wananchi walifika na vyombo vyao, si kwa kupigana, bali kwa kuzoa tope na kutafuta walionaswa. Majirani walikuwa wamekwisha kutangulia, kwa majembe na mikono mitupu.

Kwa hiyo anayepanda gari la magurudumu manne leo, akipita Singe kwenda kwa mgonjwa, amepanda urithi wa vita mbili. Mpagazi wa mwaka 1916 aliyabeba yale ambayo gari lilishindwa kuyabeba. Inafaa akumbukwe pamoja na dereva.