Tani 470,000, halafu nini? Kazi nyingi ya Gécamines na kazi iliyoachwa



Mu Lubumbashi hakuna neno lenye uzito kama "kazi". Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti huku Katanga miaka ya 1960, alitoa makala nzima mwaka wa 1973 juu ya neno hilo moja, namna wafuasi wa Jamaa ya Padri Placide Tempels walivyolielewa. Na bakubwa wetu wako na usemi wao: kazi njo baba, kazi njo mama. Muntu ukimuuliza "uko wapi siku hizi?" akajibu "niko mu kazi", maongezi yameisha. Hakuna anayeuliza kazi hiyo inazaa nini. Leo ninataka tuulize, na mfano ninauchukua kwa kampuni iliyozaa mji huu.

Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli ya kutoka kusini kufika. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ikaichukua kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Hesabu hiyo njo kila mtu aliitazama: wakubwa wa Kinshasa, wanunuzi wa Ulaya, hata familia za makambi, juu posho, shule na hospitali zilitegemea kampuni. Tonaji ikipanda, kila mtu alilala vizuri.

Sasa tuingie kidogo ndani ya shimo, juu hapo njo kuna somo lenyewe.

Mgodi wa wazi hauna siri. Juu ya mawe yenye shaba kuna udongo na mawe ya bure. Lazima uyaondoe kwanza, wakati mwingine tani kadhaa za bure kwa kila tani moja yenye shaba. Wafaransa wanaita kazi hiyo découverture, yaani kufunua. Kufunua hakuleti hata kilo moja ya shaba leo. Kunakula mafuta, tairi na siku za wafanyakazi, na faida yake itaonekana miaka miwili au mitatu mbele. Kwa hiyo mkubwa aliyebanwa na tonaji ya mwaka huu ana njia rahisi: anaacha kufunua, anapeleka mashine zote kwenye mawe yaliyokwisha kufunuliwa. Mwaka huo hesabu inabaki nzuri. Malori yanapita usiku na mchana, sireni inalia kwa saa yake, na ukisimama juu ya shimo hakuna kinachokuonyesha kwamba mgodi unakula akiba yake.

Gécamines ilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kufunua kukabaki nyuma, mashine zikazeeka bila kubadilishwa, vipuri vikakosekana. Nisemeje, wafanyakazi hawakuwa wavivu. Walifanya kazi sana, na njo maana ugonjwa haukuonekana mapema. Kampuni iliyolala ingemshtua mtu.

Tusidanganyane pia: si kosa la tonaji peke yake. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Reli ya Benguela ilifungwa na vita vya Angola mwaka wa 1975. Kolwezi iliona vita mwaka wa 1978. Na Mobutu alikuwa anakamua ng'ombe bila kumpa majani: pesa za shaba zilipita kwa shirika la serikali, Sozacom, na sehemu iliyorudi kununua mashine haikutosha. Lakini jibu la kampuni kwa shida hizo zote lilikuwa lilelile: kuchimba zaidi paka pale palipo rahisi.

Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi huko Kolwezi, ikaporomoka. Mwaka uliofuata ukaleta uporaji, halafu kufukuzwa kwa ndugu zetu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa mafundi na makarani wa kampuni hiyohiyo. Mwaka wa 1993 Gécamines haikufikisha tani 50,000. Miaka saba tu tangu kilele! Na mwaka wa 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa jina la "kuondoka kwa hiari", wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliwaita watu hawa katika kitabu chake cha 2001 Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kumbukeni usemi wa mwanzo.

Zama hizohizo kulikuwa na Salongo. Vijana mnaijua kama neno la kufagia mtaa, lakini chini ya Mobutu ilikuwa kazi ya lazima, watu wanatoka na majembe na mafagio huku wakubwa wakihesabu nani amekuja. Iliwakumbusha wazee kazi za lazima za Bula Matari. Mfereji ulisafishwa, mvua mbili ukajaa tena, juu hakuna aliyeuliza uchafu unatoka wapi.

Ninaandika haya nikiwa Bel-Air, mu komini ya Kampemba, na ninawaona wenzetu wenye diploma. Asubuhi formasio ya ujasiriamali, saa sita kupeleka dosie kwa ofisi, jioni kwaya, Jumamosi mkutano wetu sisi wenyewe, ambao mara nyingi unapanga paka mkutano mwingine. Brevé zinajaa ndani ya faili. Na TFC iko palepale kwenye sura ya pili tangu mwaka jana. Kiingereza kinachoombwa na kampuni za migodi hakijaanza. Ufundi wa kulehemu ambao mjomba alijitolea kufundisha bure bado "tutaona". Kazi hizo hazina picha ya kuweka. Njo kufunua kwetu.

Mtu atajibu: sisi ni watu wa kujitafutia, tusipokimbia hatuli. Ni kweli, na sitamhukumu anayeuza kredi ya simu ili alipe nyumba. Gécamines nayo ilikuwa na njaa ya pesa za leo. Lakini kuna saa mu juma ambazo si za njaa, tunazitoa kwa mambo yanayotufanya tuonekane tuko mbio. Hizo njo ninazozidai.

Ukipita karibu na bomba refu la kiwanda, tazama terili, ule mlima mweusi. Ni takataka za miaka mingi ya kuyeyusha. Mbio zilikuwa za shaba, kobalti nyingi ikatupwa pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kipya kikajengwa kando yake ili kuichota, wakati makambini watu waliouweka mlima ule walikuwa bado wanangoja mishahara yao.