Cheti cha almasi, au ripoti ya madaraja?

Sonara akikwambia, "Jiwe hili lina cheti," muulize cheti cha nani, na kinashuhudia nini. Tumezoea kuita cheti kila karatasi yenye mhuri, na kwenye almasi mazoea hayo yanachanganya karatasi tatu zisizo na udugu.

Cheti chenyewe kipo, ila mnunuzi wa pete hakioni. Ni cha Mchakato wa Kimberley, ulioanza 2003: serikali ya nchi inayosafirisha almasi ghafi inathibitisha kwamba shehena hiyo haikuuzwa kugharamia vita vya waasi. Almasi ghafi ya Mwadui, Shinyanga, husafiri na cheti hicho. Jiwe likishachongwa, hakihusiki nalo tena. Wala hakikuwahi kusema kama jiwe ni zuri au baya.

Karatasi anayokuonesha sonara ni nyingine kabisa. GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa 1931 na ambayo vipimo vyake ndivyo vinavyofuatwa na wengi, huiita ripoti na hukataa isiitwe cheti. Wana haki. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha. Ripoti inaeleza walichokiona wapimaji. Maabara mbili zaweza kupishana daraja moja juu ya jiwe lilelile, na asiwepo aliyedanganya. Kwa hiyo naiita ripoti ya madaraja. "Ripoti ya vipimo" ingefaa kwa uzito, lakini rangi haina mzani.

Tuishike mkononi. Uzito, tuseme, karati 1.01. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2. Karati za dhahabu ni habari nyingine: zenyewe hueleza dhahabu halisi ni kiasi gani ndani ya pete. Kisha rangi: D. Usishtuke, hiyo ndiyo ya juu kabisa. Mpimaji amelilaza jiwe kifudifudi kwenye trei nyeupe, kando ya mawe ya kulinganishia, akatafuta umanjano na asiuone. Herufi zinashuka hadi Z. Hazikuanzia A kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wameshazitumia A, B na C kila mtu kwa maana yake, hata zikapoteza maana. Mfasiri wa ripoti aandike "rangi D", asiandike "daraja D", maana kwetu D ni alama ambayo mtoto huificha mzazi asiione.

Kisha kuna mchoro wa jiwe wenye vialama: vyekundu kwa dosari za ndani, vya kijani kwa za nje, kama zilivyoonekana kwa kioo kinachokuza mara 10. Sifa ya jiwe kuwa na dosari chache au nyingi, wapo wanaoiita uangavu. Mimi naiita usafi, kwa sababu almasi hung'aa kutokana na mkato wake zaidi, na jiwe lenye dosari ndogo laweza kukupofusha kwa mng'ao.

Bei huipati popote kwenye ripoti hiyo. Hiyo ni kazi ya mthamini, na karatasi yake, ile ya tatu, ni ya uthamini.

Usiondoke kabla hujaomba kioo cha kukuzia. Mara nyingi namba ya ripoti huchorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Ukiona namba isiyolingana na ya karatasini, umeoneshwa ripoti ya almasi nyingine.