Kikoa, pishi na viungo: maneno ya chakula cha nyumbani kinacholiwa na wenzetu wa kazini

Kikoa (ki-/vi-) ni mlo wa ushirika ambao wanaoula huuandaa kwa zamu: leo mimi, kesho wewe, keshokutwa mwenzetu wa tatu, hadi mzunguko ukamilike. Aghalabu huandamana na kitenzi kula: *Makarani wa masjala hula kikoa kila Ijumaa.* Neno hili ni kongwe, lakini wanafunzi wengi wa leo hukutana nalo kwanza katika istilahi za kompyuta, ambako «jina la kikoa» ni anwani ya tovuti. Maana ya mlo haijafa kwa sababu hiyo, na inastahili kutumiwa, kwa kuwa chai ya saa nne katika ofisi zetu, ambapo huyu huleta maandazi Jumatatu na yule huleta mihogo Jumanne, ni kikoa kwa kila hali ila kwa jina.

Makala haya yanashughulikia kikoa pamoja na maneno yanayokizunguka: jinsi ya kuuita mlo wenyewe, jinsi ya kuandika pishi kwa ajili ya mwenzako, na maneno yanayoweza kumlisha mtu kitu asichokula.

Kikoa, bia, mchango

Kiini cha kikoa ni zamu. Pale ambapo kila mshiriki hutoa fungu lake kwa wakati mmoja, kisha wote wakala, neno la asili ni *bia*: kula bia, au kula kwa bia. Humo ndimo ulimo *ubia* wa wafanyabiashara, na *mbia* ni mshiriki wake. Kwa bahati mbaya maana hii imefunikwa karibu kabisa na kinywaji chenye jina hilohilo. Mfasiri atakayeandika katika tangazo la ofisi kwamba «Ijumaa tutakula kwa bia» atakuwa amefuata kamusi barabara, na bado atawapata wageni waliokuja na matarajio mengine.

*Mchango* nao una mtego wake. Nchini Tanzania, anayesikia «mchango» hufikiria kwanza fedha, hasa za harusi na misiba. *Ushirika* unafaa zaidi, ila masikioni mwa baadhi ya Wakristo husikika kama ibada ya Meza ya Bwana, na kwa wakulima wa kahawa au pamba ni chama chao cha mazao. Kwa maoni yangu, mlo ambao kila mmoja huleta sahani yake uitwe *mlo wa pamoja*, na sharti lake lielezwe waziwazi: *Kila mmoja atakuja na chakula alichopika nyumbani.* Sentensi nzima inayoeleweka ni bora kuliko neno moja linalohitaji tanbihi.

Pishi na mapishi

*Upishi* ni kazi au ustadi wa kupika. *Mapishi* ni namna za kupika, na ndilo neno la kawaida juu ya vitabu na kurasa za vyakula. Umoja wake, *pishi* (li-/ya-), unasikika sana katika mazungumzo: *Pishi lako la jana limenishinda, hebu nielekeze.* Usilichanganye na *pishi* (i-/zi-), kipimo cha zamani cha nafaka, chenye visaga viwili au vibaba vinne. *Resipi* husikika katika mazungumzo ya mijini, hususan Kenya. Si kosa katika usemi, lakini katika maandishi rasmi *pishi* na *mapishi* yanatosha.

Anayeomba pishi kwa mwenzake hana haja ya nomino hata kidogo. Kiswahili hupenda kitenzi mahali hapa: *Nielekeze unavyopika*, *Nifundishe hii sambusa unavyoikunja.* Mwanafunzi anayeandika «Naomba unipe mapishi ya sambusa» hajakosea sarufi. Amekosa tu ukarimu wa lugha.

Viungo, viambato, mahitaji

Hili ndilo eneo lenye madhara makubwa zaidi, nami huwa ninalitumia muda mrefu katika darasa la tafsiri.

*Kiungo* kimetokana na kitenzi *unga*, yaani kuunganisha. Kiungo cha mwili huunganisha mfupa na mfupa. Kiungo wa timu ya mpira huunganisha ulinzi na ushambuliaji. Kiungo cha chakula huunganisha ladha. Kwa wasemaji wengi, viungo vya chakula ni iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na jamii yake, na wengine huongeza kitunguu saumu na tangawizi. Nyama si kiungo. Maziwa si kiungo. Karanga zilizosagwa ambazo ndizo mchuzi wenyewe si kiungo.

Hata hivyo, wafasiri wengi hulitumia «viungo» kwa maana ya kila kilichomo katika chakula. Tuchukue kibandiko kilichowekwa juu ya bakuli: *Viungo: unga wa ngano, siagi, karanga, iliki.* Mtu ambaye karanga humdhuru, akiona neno «viungo», anaweza kudhani kwamba anaorodheshewa manukato tu, akapita bila kusoma. Orodha iliyokusudiwa kumlinda inakuwa imejificha nyuma ya jina lake.

*Kiambato* (ki-/vi-), kutokana na *ambata*, hakina utata huo. Kimezoeleka katika lugha ya lebo na ya udhibiti wa bidhaa, hasa vipodozi, na kinafaa katika tafsiri za viwandani. Jikoni husikika kikavu: hakuna anayemwomba jirani yake viambato vya kisamvu. Hapo neno ni *mahitaji*, na ndilo kichwa cha orodha katika mapishi mengi yaliyoandikwa. Zanzibar, kichwa hichohicho mara nyingi huwa *vipimo*, kwa kuwa orodha hutaja kitu pamoja na kiasi chake. Kwa hiyo: *mahitaji* au *vipimo* katika pishi, *viambato* katika lebo ya bidhaa, na *viungo* viachiwe kazi yake ya kuunga mchuzi. Kibandiko cha chakula cha nyumbani kinaweza kuandikwa kwa usalama kamili: *Ndani yake mna karanga na maziwa.*

Kitenzi *unga* chenyewe kina maana ya pekee katika upishi wa Tanzania. *Kuunga* mboga ni kuipika kwa kuitia nazi, karanga au kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta. Isiyoungwa ni *chukuchuku*: imechemshwa kwa maji na chumvi, pengine na ndimu. Mwenye kupunguza mafuta kwa amri ya daktari anahitaji kujua tofauti hiyo kabla ya kupakua. (Nomino *unga*, ya ngano au ya mahindi, ni neno jingine kabisa lililofanana nacho kwa sura.)

Majina yanayobadilika njiani

Katika ofisi yenye watu wa Mombasa, Arusha na Unguja, jina moja la chakula linaweza kuwa na maana tatu.

*Mboga.* Tanzania bara, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali au wali, hata samaki na nyama. *Leo mboga ni nini? Kuku.* Mazungumzo hayo hayana ajabu yoyote Dodoma. Nairobi yatashangaza, kwa kuwa huko mboga ni majani, yaani sukuma wiki, kabichi, mchicha. Mwenzako asiyekula nyama akiahidiwa kuwa «kutakuwa na mboga», muulize aliyeahidi anatoka wapi. *Kitoweo* kina nafuu, maana kwa wengi hudokeza moja kwa moja samaki au nyama.

*Pilipili hoho.* Kamusi za zamani huifafanua kuwa pilipili nyekundu kali. Sokoni leo, Dar es Salaam na Nairobi, hoho ni lile tunda kubwa lisilowasha, ambalo Zanzibar huitwa pia *pilipili boga*. Mfasiri anayetegemea kamusi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ataandika pishi litakalowatoa watu machozi, au kinyume chake, litakalopooza. Kwa inayowasha, taja aina: *pilipili mbuzi*, *pilipili kichaa*.

*Bizari* au *binzari.* Kuna bizari ya manjano, bizari ya pilau na bizari ya mchuzi, na kila moja ni kitu chake. Mtu wa bara akisikia «binzari» pekee huelekea kufikiria ya manjano. Pishi lisemalo «tia bizari kijiko kimoja» bila kutaja ni ipi bado halijaandikwa.

*Bagia.* Tanzania hutengenezwa kwa kunde au dengu zilizosagwa. Kenya, bajia iliyozoeleka ni vipande vya viazi vilivyochovywa katika uji wa unga wa dengu na kukaangwa. Viazi hivyo navyo ni *mbatata* katika pwani na visiwa, *viazi mviringo* au *viazi ulaya* bara, na *waru* katika mazungumzo ya Wakenya wengi.

*Kitimoto.* Ni jina la mitaani la nyama ya nguruwe nchini Tanzania. Linachekesha mezani, lakini halifai kwenye kibandiko, kwa sababu mgeni asiyelijua ndiye hasa anayehitaji kuonywa. Andika *nyama ya nguruwe*.

Vitenzi vya jikoni, na namna ya kuamuru

Pishi lililoandikwa hutumia amri ya umoja: *katakata, kaanga, tia, koroga.* Kiambishi cha mtendwa kikiingia, irabu ya mwisho hugeuka: *vikaange, usiviunguze.* Msimulizi wa mdomo hafanyi hivyo. Yeye husema *unakatakata vitunguu, unavikaanga, vikishaiva unatia nyanya*, naye yuko sahihi katika rejesta yake. Mwanafunzi anayegeuza simulizi kuwa maandishi abadili *-na-* kuwa amri, lakini aiache *-ki-* ilipo, kwani ndiyo inayoshika mpangilio wa matukio.

Kuna jambo ambalo sarufi za shule hulisahau. Kijana anayemwandikia pishi mfanyakazi mwenzake aliye rika la mama yake hatoi amri tupu. Hutumia dhamira tegemezi: *Shikamoo mama. Vitunguu uvikaange kwanza, ndipo utie nyanya. Nazi uiache hadi mwisho.* Maneno ni yaleyale, heshima imo katika *-e*.

Tazama sasa pishi fupi la maharage ya nazi, ambalo Kenya na Zanzibar wataliita la maharagwe:

*Loweka maharage nusu kilo usiku kucha. Yachemshe mpaka yaive. Kuna nazi mbili, kamua tui la kasimile na uliweke kando. Kisha tia maji ya uvuguvugu katika machicha, ukamue tui jepesi. Mimina tui jepesi katika maharage pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa na chumvi kiasi. Yakichemka, punguza moto. Mwishoni tia kasimile, koroga bila kuacha hadi lianze kutokota, kisha epua.*

*Kasimile* ni tui zito la mkamuo wa kwanza. Likiachwa lichemke kwa nguvu *hukatika*, yaani mafuta hujitenga na maji. Ndiyo sababu ya kukoroga. *Machicha* ni nazi iliyobaki baada ya kukamuliwa. *Kuepua* (au *kuipua*) ni kuondoa chungu motoni, kinyume cha *kuinjika* na *kuteleka*. Wafasiri wa siku hizi hupenda «zima jiko», na kwa gesi hakuna ubaya. Lakini jiko la mkaa halizimwi kwa kitufe, na chungu kilichoachwa juu yake kitaendelea kupika. *Epua* hufaa majiko yote. Vivyo hivyo *kupalia*, kuweka makaa juu ya kifuniko ili chakula kipate moto wa juu na wa chini, hakuna neno la kisasa lililochukua nafasi yake, labda kwa kuwa oveni hulifanya bila kuulizwa.

Kuhusu vipimo nitasema kidogo tu. *Kijiko* pekee hakitoshi, taja kama ni *cha chai* au *cha chakula*. *Kikombe* kina utata zaidi, kwani cha kahawa hakikaribii cha chai. *Ukufi* ni kiasi kinachokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa, na *konzi* ni kile kinachoshikwa na ngumi. Maneno haya mawili ni sahihi kuliko yanavyodhaniwa, maadamu mkono ni wa mpishi yuleyule.

Kuonjesha, kuuliza, kukataa

*Kuonjesha* ni kumpa mtu kidogo apate ladha, na *kuonjeshana* ni desturi ya majirani kabla ya kuwa ya maofisi. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya mlo huo kisichanganywe na *kiporo*, yaani kilichobaki jana na kulala. Kiporo huliwa kwa furaha nyumbani. Ukikileta kazini, kiite kwa jina lake. Kilichobadilika ladha *kimechacha*, na vyakula vya nazi huchacha upesi katika joto, jambo ambalo anayechagua cha kupeleka safari ya saa mbili kwenye daladala hana budi kulizingatia.

Anayekataa ana ngazi kadhaa za kauli. *Sili nyama* ni kweli kavu. *Situmii nyama* ni laini zaidi, na hufaa kwa mtu usiyemzoea. Kwa sababu za kiafya, *nina mzio wa karanga* ndiyo kauli ya hospitali na ya maandishi. *Karanga zinanidhuru* inaeleweka kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hajawahi kulisikia neno mzio. *Nimeshiba, ahsante* ni adabu tupu na haielezi sababu. Mwenyeji mzoefu atalisikia kama mwanzo wa majadiliano na kupakua tena, kwa hiyo mwenye mzio asilitumie.

Anayeuliza naye aulize kwa namna inayoruhusu jibu la kweli. «Hakuna karanga humu, sivyo?» humsukuma mpishi kuitikia. *Humu umetia nini?* humlazimu ataje kimoja kimoja.