Ngisi wa Plymouth

Ngisi nimemla tangu sijaota magego, wa nazi na wa kukaanga, na miaka mingi nimefundisha biolojia hapa Tanga bila kujua kwamba somo langu gumu kuliko yote lilitoka ndani ya mnyama huyo. Niliandika ubaoni: potasiamu ndani, sodiamu nje. Watoto wakakariri, nikafuta ubao.

Katika ile nyama nyeupe tunayoikata pete mmepita uzi wa neva ambao unene wake hufika milimita 1. Ndio unaomfanya ngisi ajibane ghafla na kuchomoka kinyumenyume akiona hatari. J. Z. Young aliueleza mwaka 1936. Agosti 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin, miaka 25, na Andrew Huxley, miaka 21, wakapenyeza kijibomba chembamba cha kioo ndani yake kupima umeme wake.

Nadharia iliyotawala kuhusu umeme huo ilikuwa ya Mjerumani Bernstein, ya 1902. Utando wa seli iliyotulia, alisema, hupitisha potasiamu peke yake. Nayo, kwa kuwa imejaa ndani, huvujia nje na chaji yake chanya, ndani kukabaki hasi. Neva ikishtuka, utando hupitisha ioni zote na tofauti hiyo hufutika. Basi ingeishia sifuri.

Huko Plymouth haikuishia. Ndani kulikuwa chini ya nje kwa milivolti 45 hivi; neva iliposhtuka, kipimo kikapita sifuri kikapanda hadi kama 40 upande wa pili. Kabla hawajajua kwa nini, vita vikaanza. Hodgkin baadaye alikwenda kufanya kazi ya rada. Oktoba wakachapisha walichokiona, maelezo hawakuyatoa, na mimi hapo ndipo ninapowapendea.

Baada ya vita Hodgkin na mwenzake Katz walipunguza sodiamu katika maji ya bahari yaliyozunguka neva, na kile kilele kikashuka. Kumbe sodiamu ndiyo iliyokuwa ikiingia kwa kasi, potasiamu ikitoka nyuma yake. Milinganyo ya mwendo huo, ya 1952, Huxley aliikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na Nobel ikaja 1963.

Lakini sodiamu ikiingia kila mara, mbona seli haijai? Jibu likatoka kwa kaa. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmark, alieleza kimeng'enya alichokikuta kwenye neva za kaa. Hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, kama baharia anayefua maji katika ngalawa inayovuja.