Njia ya Barabara Ilivyogeuzwa Kuwa Hesabu

Njia ya barabara, ile ambayo madereva wengine huiita leni, haishikiki kwa mkono. Lami ipo, kokoto zipo, rangi ipo. Njia yenyewe ni makubaliano tu kwamba nafasi iliyo kati ya mistari miwili ni ya magari yanayofuatana kwa mwelekeo mmoja. Mtu huyatambua makubaliano hayo kwa kutupa jicho mara moja. Kompyuta huyajua pale tu inapoelezwa, na kuyaeleza kikamilifu, kwa namba zisizoacha nafasi ya kukisia, ni kazi iliyochukua miongo kadhaa na kuchota maarifa kwa wapima ardhi, wajenzi wa reli na watengenezaji wa magari.

Mistari barabarani si ya zamani sana. Mwaka 1911 Edward Hines, mjumbe wa bodi ya barabara ya wilaya ya Wayne huko Michigan, Marekani, alifanikisha kupakwa kwa mstari wa katikati kwenye barabara ya River Road, Trenton. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona gari la maziwa likivuja na kuacha mchirizi mweupe nyuma yake. California nako daktari June McCarroll alilipigania jambo hilohilo kuanzia 1917, na jimbo likaukubali mstari wa katikati kwa barabara zake mwaka 1924. Kabla ya hapo barabara ilikuwa na kingo mbili tu, na kila dereva alikadiria mwenyewe nusu yake inaishia wapi. Kwenye kona makadirio hayo yaliua watu.

Hesabu ya kueleza kitu kilichopo kando ya njia ndefu ilikuwepo zamani zaidi. Mwingereza Edmund Gunter alitangaza mwaka 1620 mnyororo wa kupimia wenye urefu wa futi 66, na kwa karne nyingi wapima waliuburuta juu ya ardhi. Wajenzi wa reli na barabara walirithi utaratibu mwepesi: vigingi vilipigiliwa kwenye mstari wa katikati, umbali ukahesabiwa tangu mwanzo wa mradi, na kila kitu kikaandikwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza ilisema umefika umbali gani ukifuata mstari. Ya pili ilisema utoke hatua ngapi kulia au kushoto. Kalavati, nguzo, mti wa kukatwa, vyote vilipata anwani yao. Utaratibu huo wa watu wenye buti za tope ndio uliokuja kuwa moyo wa data za njia za barabara.

Reli ilileta pia kona iliyo sahihi. Gari moshi likitoka kwenye mstari ulionyooka na kuingia ghafla katika sehemu ya duara, abiria hutupwa upande mmoja na magurudumu huikwaruza reli. Dawa yake ni mkunjo ambao mpindo wake huanza na sifuri na kuongezeka sawia na umbali. Leonhard Euler aliushughulikia mkunjo huo mwaka 1744 akiwa hana habari ya reli. Arthur Talbot wa Illinois aliwaandikia wajenzi wa reli kitabu juu yake mwaka 1899. Leo huitwa klothoidi. Kwa barabara za magari una sifa moja nzuri sana: dereva anayekwenda kwa mwendo usiobadilika na kuuzungusha usukani polepole kwa kasi ileile huuchora bila kujua. Wahandisi wa Ujerumani waliupa nafasi ya kwanza katika kubuni barabara zao kuu, na mwaka 1954 Kasper, Schürba na Lorenz walichapisha majedwali yake, ili mhandisi asilazimike kuhesabu upya kila kona.

Wakati huohuo mafunzo ya udereva yalikuwa yakiingia ndani ya madarasa. Katika miaka ya 1950 baadhi ya shule za Marekani ziliwakalisha wanafunzi nyuma ya usukani bandia na kuwaonyesha filamu ya barabara. Mwanafunzi akikata kushoto, filamu iliendelea kwenda ilikokwenda. Mashine ilinakili kanyagio alilokanyaga na mahali alipogeuza usukani, lakini haikuweza kusema kama amehama njia, kwa kuwa ndani ya filamu hapakuwa na njia. Palikuwa na picha yake tu.

Kompyuta zilizochora picha papo kwa papo ziliondoa kizuizi hicho. Taasisi ya utafiti wa barabara ya Sweden, VTI, ilianza kutumia simuleta yake, yaani mashine ya kuiga uendeshaji wa gari, huko Linköping mwaka 1984, na mwaka uliofuata Daimler-Benz ikafungua ya kwake Berlin: kuba lililobebwa na miguu 6 ya haidroliki, likiwa na gari zima ndani yake. Hazikuwa za maonyesho. Majaribio ya simuleta ya Berlin yalionyesha kwamba madereva wengi, hatari inapotokea, hukanyaga breki haraka lakini bila nguvu ya kutosha, na kutokana na hayo ukazaliwa mfumo wa kusaidia breki ambao Mercedes-Benz iliuweka kwenye magari yake mwaka 1996.

Hata hivyo, ndani ya mashine hizo barabara ilikuwa vitu viwili tofauti. Kwanza ilikuwa picha: pembetatu maelfu kwa maelfu zenye rangi ya lami, ambazo hazijui lolote kuhusu njia. Pili ilikuwa maarifa: wapi gari lingine linaruhusiwa kupita, njia ipi inafuata ipi, gurudumu liko kwenye mteremko wa kiasi gani. Sehemu hii ya pili kila maabara iliiandika kwa mtindo wake. Chuo Kikuu cha Iowa, kwa mfano, kilikuwa na wataalamu walioeleza barabara kama utepe uliosokotwa angani, ambapo kila gari lina umbali wake kando ya mhimili na umbali wake kutoka kwenye mhimili. Willemsen, Kearney na Wang waliuchapisha mfumo huo mwaka 2003. Ulikuwa mfumo mzuri. Shida ilikuwa kwamba barabara iliyojengwa kwa miezi mingi katika maabara moja haikuweza kuendeshwa katika maabara nyingine, na mteja aliyebadilisha programu alianza upya tangu kigingi cha kwanza.

Kero hiyo ndiyo iliyozaa OpenDRIVE. Kampuni ndogo ya Bavaria, VIRES, ikishirikiana na wataalamu wa simuleta ya Daimler, iliandaa muundo wa faili ambao yeyote angeweza kuusoma na kuutumia bila malipo, na mwaka 2006 Marius Dupuis na Holger Grezlikowski waliueleza mbele ya wanataaluma wa simuleta. Uamuzi wa kuuacha wazi ulikuwa na uzito sawa na hesabu zilizomo. Kampuni ya ukubwa ule ingeweza kuufunga na kuuza ufunguo. Lakini isingepata wa kubadilishana naye barabara.

Ndani ya faili hilo, barabara huanza na mstari mmoja wa rejea. Mstari huo huunganishwa kutoka vipande vya kihandisi: ulionyooka, tao la duara, klothoidi, na vipande vya mlinganyo wa daraja la tatu kwa sehemu zilizopimwa ambazo haziingii katika maumbo hayo. Kila nukta barabarani ina namba mbili: s, umbali kando ya mstari, na t, umbali wa kutoka pembeni. Mpimaji wa zama za Gunter angeuelewa utaratibu huo bila kufundishwa. Mwinuko, na mlalo wa barabara kwenye kona, huandikwa pia kama milinganyo inayoifuata s.

Njia huhesabiwa kutoka kwenye mstari huo. Njia ya 0 haina upana. Ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Zilizo kushoto huitwa 1, 2, 3. Zilizo kulia huitwa -1, -2, -3, na hairuhusiwi kuruka namba. Si njia za magari peke yake: bega la barabara, njia ya baiskeli, ya waenda kwa miguu, ukingo wa kati, vyote ni njia zenye aina yake na namba yake. Upana haukuandikwa kama namba moja kwa sababu barabara halisi haina upana mmoja. Uliandikwa kama mlinganyo wenye namba nne, a, b, c na d, unaoubadilisha upana kadiri gari linavyosonga.

Mfano utaonyesha kwa nini. Chukua njia ya ziada inayoanza kabla ya makutano, itoke upana wa sifuri hadi mita 3.5 ndani ya mita 50. Ikifunguka kwa mstari ulionyooka, mwanzoni na mwishoni mwake kutakuwa na pembe kali, na gari la simuleta linalofuata katikati ya njia litatikisa usukani mara mbili. Weka a na b ziwe sifuri, c iwe 0.0042 na d iwe -0.000056. Kwenye mita 25 upana utakuwa mita 1.75, nusu kamili. Kwenye mita 50 utakuwa 3.5, na kingo zote mbili zitaungana na barabara bila pembe. Namba mbili zimefanya kazi ambayo ingehitaji orodha ndefu ya nukta. Inapozaliwa au kufa njia, barabara hukatwa sehemu mpya, namba huanza kuhesabiwa upya, na kila njia huambiwa ni ipi iliyoitangulia na ipi inayoifuata. Kosa moja katika uhusiano huo likipita, gari litafika mwisho wa sehemu na kutokujua pa kwenda ingawa lami iko mbele yake.

Makutano ndiyo yaliyowasumbua wabunifu zaidi, na bado yanasumbua. Katikati ya makutano hakuna mistari mingi iliyopakwa, lakini magari hupita humo kwa njia ambazo madereva huzijua. OpenDRIVE iliamua kila mwendo unaoruhusiwa uwe barabara kamili yenye mstari wake wa rejea, hata kama zinalaliana. Makutano ya barabara nne, ambapo kila upande unaweza kuelekea pande tatu, huwa na miendo 12 iliyorundikwa juu ya eneo moja dogo. Kwa jicho la mchoraji ni vurugu. Kwa gari linalouliza nani ampishe nani, ni ukweli ulioandikwa wazi.

Miundo mingine ilizaliwa kwa mahitaji mengine. SUMO, programu ya shirika la Ujerumani la anga DLR iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2000, ilikusudiwa kuiga msongamano wa mji mzima. Kwake njia ni kamba ya nukta inayohesabiwa kutoka 0 upande wa kulia, na kona kali haimdhuru mtu. Katika mashindano ya magari yasiyo na dereva ya Novemba 2007 huko Victorville, California, wakala wa Marekani DARPA uliwapa washiriki faili lenye sehemu, njia na nukta za latitudo na longitudo, pamoja na upana wa njia kwa futi na aina ya mstari uliopakwa. Nukta zilikuwa chache, hivyo gari lenyewe lilipaswa kukamilisha kona. Boss, gari la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilishinda.

Agosti 2013 gari la Mercedes-Benz lilijiendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita zipatazo 100, likifuata safari ya Bertha Benz ya 1888. Ramani yake ilivunja barabara kuwa vipande vidogo vinavyoitwa lanelet, kila kimoja kikiwa na ukingo wa kushoto na wa kulia tu, bila mstari wa katikati. Bender, Ziegler na Stiller walivieleza mwaka 2014. Mantiki yake ni ya gari lenye kamera: linaona kingo, halioni mstari wa rejea. Tofauti hii ni ya msingi. OpenDRIVE hueleza barabara kama mjenzi alivyoibuni. Lanelet huieleza kama msafiri anavyoiona.

Magari ya kujiendesha ndiyo yaliyoitoa OpenDRIVE katika maabara chache. Gari haliwezi kujaribiwa kwa ajali halisi, kwa hiyo huendeshwa kwanza katika barabara za hesabu, na barabara hizo lazima zifanane kwa mtengenezaji, mkaguzi na serikali. CARLA, simuleta ya wazi iliyotangazwa 2017, iliuchukua muundo huo kuelezea miji yake. Mwaka 2018 VIRES iliukabidhi kwa ASAM, jumuiya ya viwango vya sekta ya magari, na toleo la 1.6 likatoka 2020.

Kazi nyingine ilikuwa kuuondolea muundo mazoea ya ulikozaliwa. Ujerumani huendesha kulia, na asiyetaja kitu huhesabiwa kuwa yuko huko. Barabara ya Kenya, Uganda au Tanzania lazima itamke kwamba ni ya kuendesha kushoto. Ndipo njia -1, ambayo Rwanda na Burundi huenda mbele kuufuata mstari wa rejea, huelekea nyuma. Bila tamko hilo, magari yote ya Morogoro Road huko Tanzania yangeigizwa yakija uso kwa uso na sheria.

Kuna pia barabara zisizokuwa na mstari wowote: nyembamba, za pande mbili, ambapo anayetoka huku humpisha anayetoka kule kwa kupanda ukingoni. Kwa hiyo muundo ulipewa njia ya aina ya kupitwa pande zote mbili. Katika faili barabara hiyo huwa na njia ya 0, njia moja kando yake, upana wake, na mahali pa mstari uliopakwa huandikwa kwamba haupo.