Fimbo ya Mbali na Ngoma ya Karibu

Zamani katika nchi ya Buganda, kabla ya kengele za shule na saa za ukutani, ilikuwapo ngoma ambayo mlio wake haukumwachia mtu udhuru: ikipigwa alfajiri, kila nyumba iliisikia ikisema saagala agalamidde, yaani simtaki aliyejilaza, na kila mwenye nguvu zake alitoka na jembe au panga lake kwenda kusafisha kisima, kufyeka njia au kutengeneza kivuko cha kinamasi kilichoharibika kwa mvua. Kazi hiyo iliitwa bulungi bwansi, wema wa nchi, na ujira wake ulikuwa ni kuyanywa maji ya kisima ulichokisafisha mwenyewe. Mwingereza John Hanning Speke, alipofika mwaka 1862 katika makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, alistaajabia upana wa barabara za Waganda, wala hakuwa msafiri wa mwisho kustaajabu. Basi mtu akitaka kusimulia tarikhi ya wanafunzi wa sekondari wa Kampala wanaofanya kazi za manufaa ya umma pamoja na wenzao wa ng'ambo wasiopata kuonana nao uso kwa uso, yampasa aanzie kwenye ngoma hiyo, kwa sababu swali lililoifuata kazi hiyo tangu mwanzo wake hadi hivi leo ni hili: ngoma imo mikononi mwa nani?

Swali hilo lilijibiwa kwa ukali mara tu utawala wa Waingereza ulipokita mizizi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu idhini ya kuwaita watu kwenye kazi ya barabara kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka, na kutokana nao ikakua ile kazi ya lazima iliyoitwa luwalo. Kisha serikali ya kikoloni ikaongeza juu yake kasanvu, kazi ya shuruti kwa ajili ya serikali yenyewe, ambayo ilichukiwa mno hata ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Majembe yalikuwa yale yale na barabara zilikuwa zile zile, walakini watu walianza kukimbia kazi ambayo babu zao waliiendea kwa nyimbo. Maana aliyepiga ngoma hakuwa tena jirani anayekunywa katika kisima kimoja nao.

Katika zama hizo hizo wamisionari walikuwa wakijenga shule juu ya vilima na katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kampala. Mapadri wa Mill Hill walifungua Namilyango mwaka 1902, upande wa mashariki, na jamaa wa Church Missionary Society wakafungua Gayaza mwaka 1905, upande wa kaskazini, kwa ajili ya mabinti. Katika shule za namna hiyo kulima, kufagia na kuteka maji vilihesabiwa kuwa sehemu ya adabu, sawa na sala na hesabu, na mtoto wa chifu alishika jembe kama mtoto wa mkulima. Kwa hiyo fikra ya kwamba mwanafunzi ana deni kwa umma haikuletwa Kampala na mtu yeyote ndani ya sanduku. Kilicholetwa kutoka nje ni fikra nyingine, ya kwamba deni hilo laweza kulipwa kwa watu walio mbali.

Fikra hiyo ya pili nayo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1917, dunia ikiwa imo vitani, Marekani iliunda Msalaba Mwekundu wa vijana, na kwa muda wa miaka mingi iliyofuata watoto wa shule walijaza masanduku madogo ya zawadi, wakatunga vitabu vya picha na maelezo juu ya maisha yao, wakavipeleka kwa meli kwa watoto wa nchi ambazo hawakujua hata namna ya kutamka majina yake. Tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza lilianzishwa Uganda mwaka 1939, na mwaka 1964, baada ya uhuru, likawa chama cha taifa kwa sheria ya Bunge. Wakati huo huo wajumbe wa hisani walianza kuja wenyewe kwa miguu yao: walimu vijana wa Kimarekani waliotayarishwa Makerere tangu mwaka 1961 kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki, na vijana wa kujitolea wa Peace Corps waliofika mwaka 1964 wakaondoka mwaka 1972, pale utawala wa Idi Amin ulipoyafunga madirisha ya nchi moja baada ya jingine. Kwa takriban miaka kumi na mitano barua za ng'ambo zilipungua, na shule za Kampala zilikuwa na shughuli moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuendelea kuwapo.

Madirisha yalipofunguliwa tena, yalifunguliwa kwa waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwapo Makerere mtambo mdogo wa barua pepe ambao leo ungechekwa na mtoto wa darasa la nne: barua zilikusanywa katika kompyuta moja, na kwa saa zilizopangwa simu ilipigwa kati yake na London, zile za kwenda zikaenda na zile za kuja zikaja, kisha laini ikakatwa upesi kwa kuogopa gharama. Ilikuwa ni posta ya mkimbiaji, ila mkimbiaji mwenyewe alikuwa mlio wa simu. Huko Marekani nako, tangu mwaka 1988, tajiri mmoja aitwaye Peter Copen alikuwa amekwisha kuziunganisha shule za jimbo la New York na shule za Moscow, za mataifa mawili yaliyokuwa yakielekezeana makombora, kwa sharti kwamba watoto wasiishie kusalimiana tu, bali wafanye pamoja kazi yenye faida kwa watu. Na kutokana na jaribio hilo ikazaliwa jumuiya ya iEARN.

Mito hiyo miwili ilikutana Kampala mwaka 1996, pale shule tatu, yaani Namilyango, Gayaza na Mengo, zilipounganishwa kwa barua pepe na shule za Marekani katika jaribio lililosaidiwa na Benki ya Dunia. Mwaka uliofuata benki hiyo ikaanzisha mradi wa World Links, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuingia, na kutoka humo ikaja kuzaliwa SchoolNet Uganda, iliyochukua jukumu la kuzifundisha na kuzihudumia shule nyingine. Yafaa msomaji akumbuke ulikuwa mwaka gani huo wa 1997: ndio mwaka serikali ilipofuta karo za shule za msingi, madarasa yakafurika, watoto wakakaa chini ya miembe kwa kukosa nafasi; na katika nchi hiyo hiyo wanafunzi wachache wa sekondari walikuwa wakijifunza kuandika kwa vidole viwili barua itakayosomwa Marekani kabla jua halijatua.

Hata mwendo wa jua ulikuwa somo. Saa tisa alasiri ya Kampala, wakati masomo yanapokaribia kwisha, ni saa moja asubuhi ya New York katika majira ya baridi, mwenzio akiwa bado anatafuta viatu vyake. Hivyo mazungumzo ya papo kwa papo yalikuwa adimu, na kazi ilikwenda kwa barua: swali leo, jibu kesho kutwa, picha wiki ijayo umeme ukiwapo. Kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi wengi, wakakaa watatu watatu mbele ya kioo kimoja, mmoja akiandika na wawili wakimsahihisha Kiingereza chake. Mwalimu mmoja aliyeifahamu mashine alikuwa fundi, mlinzi wa ufunguo na mhasibu wa dakika za simu, yote kwa mshahara mmoja.

Walakini katika uhaba huo ndimo ilimodhihirika faida ambayo wafadhili hawakuitia katika hesabu zao. Miongoni mwa mambo ambayo vijana wa Uganda waliandikiana na wenzao, UKIMWI ulikuwa na nafasi yake, na katika jambo hilo mwanafunzi wa Kampala hakuwa ombaomba wa maarifa. Mjini kwake ndiko Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe mwezi wa Januari 1987, alikoungana na wenzake mwaka huo huo kuunda TASO, chama cha kuwasaidia wenye ugonjwa huo, wakati ambapo mahali pengi duniani mgonjwa alifichwa kama aibu. Na tangu mwaka 1993 gazeti la Straight Talk, lililotolewa mjini humo humo, lilikuwa likijibu bila kigugumizi maswali ambayo vijana waliona haya kuwauliza wazazi wao. Kijana aliyemzika shangazi yake na kumlea binamu yake alikuwa na neno la kumfundisha mwenziwe aliyeujua ugonjwa huo kwa kuusoma kitabuni. Hapo mkondo wa hisani, uliozoeleka kutiririka kutoka kaskazini kuja kusini, uligeuka; na uligeuka kwa sababu mada ilitoka nyumbani kwa anayeandika.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa asali. Laini za simu zilikatika, na shule zilizo mbali na mji zikawekewa madishi ya setilaiti ambayo ada yake ya mwezi ilikuwa mzigo mzito mara mfadhili alipofunga mkoba. Mwaka 2005 na 2006 kina cha Ziwa Nyanza kilipopungua, mabwawa ya Jinja yakazalisha umeme haba, Kampala ikaingia katika mgao wa giza, na shule isiyokuwa na jenereta ikabaki na kompyuta zilizofunikwa vitambaa kama maiti. Mradi uliokuwa na mizizi ndani ya shule, wenye mwalimu wake na chama chake cha wanafunzi, ulingoja giza lipite. Ule uliotegemea ratiba ya wageni ulikufa, kwa kuwa mgeni hakujua kwamba ukimya wa Kampala ulikuwa ni kukosa umeme, akadhani ni kukosa ari.

Wahenga wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapana kisa kilichoithibitisha methali hiyo mbele ya walimwengu kama kile cha mwaka 2012. Tangu mwaka 2004 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilikuwa likiwaamsha wanafunzi wa sekondari wa nchi yao juu ya vita vya kaskazini mwa Uganda. Na kwa mpango wa shule kuzisaidia shule, vijana walifanya harambee zao, na fedha zikajenga upya madarasa yaliyoharibika huko Acholi. Kazi hiyo ilikuwa na insafu yake, na madarasa hayo yalikaliwa na watoto. Lakini tarehe 5 Machi 2012 shirika lilitoa filamu ya Kony 2012, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika siku sita, ikiwahimiza vijana wanunue bangili na kubandika mabango ili Joseph Kony, mkuu wa waasi wa vita hivyo, akamatwe, ilhali Kony na watu wake walikuwa wamekwisha kuihama Uganda kwa takriban miaka sita. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwandishi wa habari Rosebell Kagumire alirekodi jibu lake, akieleza kwamba hadithi hiyo inamfanya Mwafrika aonekane hana uwezo wa kujiokoa. Na Waziri Mkuu Amama Mbabazi akautangazia ulimwengu kwa njia ya video kwamba Kony hayumo tena Uganda. Filamu ilipooneshwa mjini Lira, huko huko kaskazini, mbele ya watu waliopoteza midomo, masikio na watoto wao, hasira ilipanda hata mawe yakarushwa. Vijana wa Marekani walikuwa na ikhlasi, na katika hilo sina shaka nao. Kitanda wasichokilalia ndicho kilichowashinda, kwa kuwa hawakuwauliza walalao juu yake wapi panauma.

Katika miaka hiyo vyombo vikawa vyepesi na vikwazo vikabadili sura. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliifikisha Kampala kwenye intaneti ya kasi, na simu ya mfukoni ikafanya kazi ya maabara nzima. Lakini mwaka 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Katikati ya hayo ukaingia ugonjwa wa Korona, shule zikafungwa Machi 2020 wala zisifunguliwe kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote, wanafunzi wapatao milioni 15 wakiwa nyumbani. Kusoma na kushirikiana kwa mbali, kulikokuwa pambo la shule chache, kukawa mlango pekee. Na aliyekuwa na simu akapita, na asiyekuwa nayo akabaki kusikiliza redio, kama alikuwa nayo.

Katika mwaka huo huo wa 2020, kabla tu ya kufungwa kwa shule, serikali ilikuwa imeanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, unaomtaka mwanafunzi atazame mazingira yake na kufanya mradi unaotatua tatizo lililomo humo, na kundi la kwanza la mtaala huo likafanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni. Kwa hiyo hapana kinachozuia tena mwenza wa ng'ambo awe mwanafunzi wa Kisumu, Tanga au Bukavu, mwenye mtaro ulioziba kama ule wa mtaa wa Bwaise hapa Kampala na malaria ile ile. Kwa muda mrefu mno mwanafunzi wetu amezijua theluji za wenzake wa Marekani kabla ya kuyajua mafuriko ya jirani yake.

Kila mwaka, tarehe 8 Oktoba, ufalme wa Buganda huadhimisha siku ya bulungi bwansi, na watu hushuka na majembe na fagio kama zamani. Mwanafunzi aliye ng'ambo hawezi kulishika jembe lile, wala hakuna haja alishike. Anaweza kutafuta elimu ya maji, kupima, kulinganisha, kuchangisha, kusimulia alivyofanya mtaani kwake ili nasi tumsaidie kwa tunachokijua. Ila kabla ya yote hayo, akiisikia ngoma kwa mbali, imempasa kuandika barua fupi ya kuuliza: kisima chenu ni kipi?