Kinga ya wanafunzi wa elimu maalumu dhidi ya adhabu za shule nchini Marekani

SHULE ya umma nchini Marekani kwa kawaida hairuhusiwi kumfungia mlango mwanafunzi wa elimu maalumu kwa zaidi ya siku 10 za masomo mfululizo kabla ya kujibiwa swali moja: je, kosa alilotenda limetokana na ulemavu wake?

Swali hilo ndilo kiini cha kinga iliyomo katika sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, ijulikanayo kwa kifupi kama IDEA. Sheria hiyo haimwondolei mwanafunzi wajibu wa kutii kanuni za shule. Inachokataza ni mtoto kunyimwa masomo kwa sababu ya jambo lililo nje ya uwezo wake, au kwa sababu ya uzembe wa shule yenyewe.

Chimbuko la kinga hiyo ni kesi ya Mills ya mwaka 1972, ambapo mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua kuwa watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kuitwa wakorofi walikuwa na haki ya kuelimishwa kwa gharama za umma, na ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa. Tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyoihakikishia haki hiyo nchi nzima, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la IDEA.

Mwaka 1988, katika kesi ya Honig dhidi ya Doe iliyotokea San Francisco, shule ziliomba ziruhusiwe kuwaondoa zenyewe wanafunzi wenye ulemavu waliodaiwa kuwa hatari. Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema Bunge lilikusudia kuwavua wakuu wa shule mamlaka hayo. Hata hivyo, ilikubali kuwa mwanafunzi anaweza kusimamishwa hadi siku 10, na kwamba shule inaweza kuomba amri ya mahakama. Utaratibu wa sasa uliwekwa na marekebisho ya mwaka 1997 na 2004.

Kwa mujibu wa utaratibu huo, shule ikiamua kumwondoa mwanafunzi kwa zaidi ya siku 10, kikao hufanyika ndani ya siku 10 za masomo. Wahusika ni wilaya ya elimu, mzazi, na wajumbe wa timu inayosimamia mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili ya mtoto huyo. Hupitia kumbukumbu zake, maoni ya walimu na maelezo ya mzazi, kisha hujibu maswali mawili: iwapo kosa lilisababishwa na ulemavu au lina uhusiano wa moja kwa moja na mkubwa nao, na iwapo lilitokana moja kwa moja na shule kutotekeleza mpango wake.

Kwa mfano, mpango wa mtoto mwenye usonji unaweza kuagiza apelekwe mahali tulivu kelele zinapozidi darasani. Akinyimwa nafasi hiyo, akapindua dawati, kikao hakiwezi kulitazama dawati na kusahau agizo.

Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, mtoto hurejeshwa alikokuwa, isipokuwa mzazi na shule wakubaliane vinginevyo. Shule hulazimika kuchunguza chanzo cha mwenendo wake na kuweka mpango wa kumsaidia. Jibu likiwa hapana, anaadhibiwa kama wenzake, lakini hata hapo lazima aendelee kupata elimu, pengine mahali pengine.

Zipo tofauti tatu. Mwanafunzi akikutwa na silaha, akihusika na dawa za kulevya, au akimjeruhi mtu vibaya, shule inaweza kumhamishia mahali pengine pa kusomea hadi siku 45 za masomo, hata kama kosa limetokana na ulemavu.

Mzazi asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Shauri husikilizwa ndani ya siku 20 za masomo tangu ombi kuwasilishwa, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 10 za masomo baada ya hapo.

Pamoja na kinga hiyo, ripoti ya mwaka 2018 ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilionyesha kuwa katika mwaka wa masomo wa 2013-14, wanafunzi wenye ulemavu walikuwa takriban asilimia 12 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini walikaribia robo ya waliosimamishwa masomo.

Mwanya mmoja ni adhabu isiyoandikwa: mzazi hupigiwa simu mara kwa mara aje kumchukua mtoto kabla ya saa za masomo kwisha. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Elimu ya Marekani ilieleza kuwa kumrudisha mtoto nyumbani kwa namna hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwondoa shuleni. Kwa kuwa siku za kuondolewa zinazojirudia zikipita 10 kwa mwaka na kufuata mtindo mmoja huwa sawa na kuhamishwa, mzazi anayeandika tarehe na saa za kila simu huwa na ushahidi mkononi.

Familia zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo za wakimbizi kutoka Kongo, zina haki ya kupewa maelezo ya kinga hizi kwa lugha yao, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kuwa haiwezekani. Mkalimani naye huombwa mapema, kwani siku 10 hazichelewi kwisha.